Uyoga Wangu wa Aina Mpya

Wiki iliyopita niliwafundisha akina mama kutoka Sengerema kilimo cha uyoga, kwenye chumba changu cha kuoteshea hapa Mwanza. Niliwaonyesha vipimo vya joto na unyevu, nikawaonya kwamba uyoga ukikosa hewa hurefuka shina na kofia hudumaa. Wakaandika.

Mama Kulwa, mkubwa wao, akauangalia wangu: mashina marefu, vikofia kama vifungo vya shati.

"Na huu je, mwalimu?"

"Huo ni aina mpya," nikajibu bila kupepesa macho.

Wakaandika hilo pia.

Mama Kulwa akapanda kwenye stuli, akaingiza mkono kwenye tundu la hewa, akavuta. Ikatoka suruali yangu kuukuu. Niliziba nayo siku wadudu wa ziwani walipotuvamia, nikaisahau.

Akaikung'uta, akawageukia wenzake.

"Futeni aina mpya."