Mrudishie Mtoto Neno Lake

Nakumbuka asubuhi moja pale Bellevue, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, mwanangu, miaka ile ambayo kila kishindo cha viatu barabarani kilinishtua. Nilikuwa msusi kijana kutoka Bukavu, nimepanga chumba kwa ajuza wa Kiyahudi, Mama Rivka, pamoja na binti yangu mdogo Furaha. Mitaani wageni walisimamishwa na polisi na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ukikosa, unapakiwa garini urudishwe kwenu. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nikapata hila yangu: jirani yetu MaNdlovu, mwenyeji, alikubali kutembea na Furaha kama mwanawe.

Mlangoni nikamshika mtoto mkono. "Ku barabara, MaNdlovu ndiye Mama. Mimi ni Anti. Unasikia?"

Mama Rivka hakujua Kiswahili, lakini maneno hayo mawili hayahitaji mkalimani. Akauliza kwa Kiingereza namfundisha nini, nikamweleza, nikidhani atausifu ujanja wangu. Akaketi kwenye ngazi, uso umempauka.

Akanisimulia kwamba utotoni mwake kule Polandi, Wajerumani wakiwasaka Wayahudi, mkulima mmoja mwanamke aliwaficha. Yeye akawa mtoto wa mkulima, mama yake mzazi akawa mtumishi wa nyumba ileile. Ikambidi amwite Shangazi, hata gizani, hata akiumwa.

"Kwa hiyo mama yako alikosea?" nikauliza, nimeshaanza kuudhika.

"Hapana, aliniokoa. Ila vita vilipokwisha, yeye alingoja nimwite Mama mwenyewe, na mimi nikangoja aniruhusu. Tukapanda meli, tukafika huku, tukazeeka. Alifia katika chumba hicho unacholala, nami hadi leo namwita Shangazi."

Siku hiyo saluni sikutulia. Nilimsuka mteja, nikafumua, nikasuka tena, akanisonya. Jioni nikafunga mlango wetu, nikamwambia Furaha, "Sasa niite."

Akanitazama. Akageuka kuutazama mlango, kuhakikisha umefungwa, ndipo akanong'ona, "Mama." Nililia, mwanangu, na hofu niliyoisikia kwenye sauti ile ilinitisha kuliko polisi.

Hila ile sikuiacha, maana barabara haikuwa imebadilika. Lakini kila tuliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, aliniita, nami niliitika kwa nguvu mpaka akacheka.

Wewe unayelea ugenini leo, sikukatazi kumficha mwanao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ila usingoje amani ije ndipo umrudishie neno lake, kwani amani huchelewa, na ulimi ukizoea kukukana hautajua tena kukuita. Mrudishie jioni ileile. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hofu nayo ni mlezi hodari.

Mungu akulindie wanao njiani. Akujalie siku watakayokuita Mama kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi.