Harufu Aliyoinusa Kithaka

Siku ya kwanza Makandi hakuamini. Mumewe Kithaka, seremala aliyeheshimika katika kijiji chao karibu na Runyenjes, aliingia jikoni ameshika pua. "Mutugi anatupulizia dawa," alisema. "Na si ile ya kahawa. Ni ya kutuua."

Mutugi alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya ua. Makandi akatoka, akanusa. Hakupata kitu ila moshi wa kuni zake mwenyewe.

Lakini Kithaka hakuwa mtu wa maneno ya ovyo. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kumdanganya. Wiki ya tatu, Makandi akianika nguo, harufu ikampiga: kali, ya kukwaruza koo. Akakimbilia ndani.

"Umeinusa?" Kithaka aliuliza, na uso ukamkunjuka kwa faraja.

Kuanzia hapo wakawa kitu kimoja. Binti yao Kaari alikwisha kuolewa mbali, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwapinga. Waliziba madirisha kwa magunia. Kanisani wakaacha kwenda. Wakala mayai ya kuchemsha tu, maana sumu haipiti ganda. Joyline, mdogo wake Makandi, alipowaletea githeri ya mahindi na maharagwe, Makandi aliimwaga shimoni mbele ya macho yake. Kisha asubuhi moja Kithaka akainua yai. "Ona, wametoboa." Makandi akatazama, na kweli akakiona kitundu. Mayai nayo yakatupwa.

Siku ya nne ya njaa Makandi alianguka kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa. Joyline akamkimbiza hospitali, kisha akamchukua kwake Embu mjini. Baada ya majuma mawili mbali na Kithaka, hofu ikaanza kumtoka kama homa.

Daktari alimwambia kwa upole, "Mama, ugonjwa ulianza kwa mzee. Mlijifungia wawili, ukakuingia na wewe. Sasa tumlete, kabla njaa haijammaliza."

Alirudi na Joyline. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Baba Kaari, ni mimi."

"Umekula chakula chao?"

"Kila siku. Fungua unione."

Akafungua kidogo. Alikuwa amekonda, macho yamedidimia. "Na ile harufu?"

"Siinusi tena."

Kithaka akalia kama aliyefiwa. "Umeniacha peke yangu."

"Sijakuacha. Twende wote."

Alikubali kwa sharti moja: amshike mkono njia nzima.

Sasa imepita miezi minane. Kithaka huchomwa sindano kila mwezi, na amerudi kupiga randa mbao zake. Mutugi humsalimia kwa mbali, kwa kuinua kofia. Asiyetulia ni Makandi. Maisha yake yote ya ndoa, neno la mumewe lilimtosha. Siku hizi akiambiwa mvua inakuja, huitikia, kisha hutoka nje akaitazame mbingu mwenyewe.