Gurudumu Lililolazwa Mtoni

Kila Jumamosi ya kiangazi, alasiri, wenye chukudu wa kilima kile walizipeleka mtoni kuzilaza. Chukudu ni chombo cha mbao tupu: ubao mrefu wa kupigia goti na kupakia mzigo, usukani wenye pembe mbili, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari. Jua likiwaka wiki nyingi mbao hunywea na viungo hulegea, na chukudu iliyolegea kwenye miteremko ya Masisi, mashariki ya Kongo, humuua mwenyewe. Basi hulazwa ndani ya maji ya kina cha kiwiko na kubanwa kwa mawe. Jumapili baada ya misa huopolewa, mbao zimevimba na kushikana upya. Ukipita darajani ungeziona kumi na tano, hata ishirini, ubavu kwa ubavu, pembe juu ya maji, kama ng'ombe walioshuka kunywa.

Védaste alianza kulaza chukudu yake mtoni akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka wa 2024 alikuwa na hamsini na tisa, na hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja ya kiangazi, isipokuwa zile alizokuwa mkimbizi.

Alikimbia mara nne. Mara ya kwanza mkewe Thacienne alianguka kwenye korongo, nyonga ikaunganika vibaya, na tangu siku hiyo hakutembea kupita ua wa nyumba yake. Mara tatu zilizofuata Védaste alimkalisha kwenye chukudu, juu ya gunia la maharagwe, yeye akashika zile pembe, na mumewe akamsukuma kutoka nyuma. Mara ya mwisho goti la Védaste lilikataa. Walikaa katikati ya mlima tangu asubuhi mpaka jioni, watu wakiwapita, mpaka wapita njia wawili walipowahurumia. Thacienne hakulalamika siku ile. Ila usiku wa kurudi nyumbani alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Siku ingine, Papa Kayitesi, utaniacha. Sitakukasirikia."

Kayitesi ni binti yao wa pekee, ameolewa mbali, Hombo. Maneno yale yalikaa na Védaste mwaka mzima, kama mwiba uliovunjikia ndani.

Ndiyo sababu alimtoa ng'ombe wake wa mwisho kwa ajili ya gurudumu. Liliuzwa na Mumbere, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka Masisi-centre: gurudumu la chuma lenye moteri ndani ya kitovu chake, betri nzito kama tofali mbili, na kishikio cha kuongezea mwendo. Lilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Védaste alilipeleka kwa Grégoire, fundi seremala aliyeichonga chukudu yake, na Grégoire akalizunguka mara tatu kabla ya kuligusa.

"Hii kitu inakula nini?"

"Umeme."

"Na ikishiba, inanya wapi?"

Walicheka, kisha wakafanya kazi siku mbili. Grégoire alichonga uma wa mbele ukawa mpana, akaikaza ekseli kwa vipande vya springi ya lori. Gurudumu la zamani la mti halikuweza tena kuingia pale. Walilitundika ukutani.

Siku ya kulijaribu, Thacienne alikaa juu ya gunia lake, Védaste akafungua kishikio, na chukudu ikapanda mlima. Yeye alitembea kando yake, mkono mmoja tu kwenye pembe, kama mtu anayesindikiza mgeni.

"Pole pole, mwanaume! Miye si viazi!"

"Shika pembe, mama."

"Na majirani wanatuangalia. Watasema Védaste ameoa bibi muchanga."

Alicheka mpaka juu. Pale kileleni alitazama njia ya wakimbizi inayokwenda magharibi, Kashebere na mbele yake msitu wa Walikale. "Kumbe tunaweza kufika," alisema. Védaste alisikia, akajua kwamba mwiba umetoka.

Wiki tano, maana mwaka ule mvua zilichelewa kukatika. Kisha Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, mwezi wa nane, chukudu ikaanza kulia kwenye viungo, na Védaste akafanya kama alivyofanya miaka arobaini na mitatu. Mumbere alikuwa amemwambia kwamba betri na maji ni maadui, kwa hiyo akaitoa betri, akaifunga nguo, akaiweka juu ya kabati. Kuhusu gurudumu Mumbere hakusema neno, kwa kuwa haikumpitia akilini kwamba mtu mzima angelichukua na kulilaza mtoni. Védaste alilichagulia mahali pazuri, maji safi, mchanga laini. Juu yake aliweka mawe madogo, yasilikwaruze.

Jumapili aliliopoa. Jumatatu alifungua kishikio na halikutoa hata mguno. Alipoliinamisha, maji ya rangi ya kutu yalitoka kwenye kitovu, tone baada ya tone, kwa muda mrefu.

Mumbere aliifungua karatasi ya garanti, dhamana ya gurudumu, kwenye meza ya duka. Iliandikwa kwa Kifaransa, herufi ndogo, na ilikuwa chini kabisa ya katoni, haijakunjuliwa. Aliisoma kwa sauti: miezi kumi na mbili. Usilifungue. Usilifunge kwenye chombo kisicho cha chuma. Usilizamishe majini. Kisha akamtazama mzee.

"Papa Védaste. Uliiweka kwa mayi?"

"Pamoja na zingine."

"Kitu ya umeme! Unaiogesha kama mutoto!"

"Ilikuwa inalia, Mumbere. Ningefanya nini?"

Mumbere alishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka nyuma ya meza, akapunguza sauti. "Sikia. Tutaandika imekufa yenyewe. Jirani yangu Hubert iko na velo, baiskeli ya chuma, tunaifunga pale, tunapiga foto, tunatuma Goma kule niliinunua. Nyuma ya wiki mbili unapata ingine."

Védaste aliomba siku moja. Nyumbani alimweleza mkewe, na Thacienne aliendelea kuchambua maharagwe mpaka alipomaliza.

"Ile mulima iko mukali," alisema. "Uongo haupandi. Utatuangusha katikati."

"Ni wiki mbili tu, mama."

"Miye ndiyo nitakaa juu yake, si weye. Sema kweli."

Basi Mumbere akaandika kweli: chukudu, uma wa mti, mto, Jumamosi. Alilipeleka gurudumu Goma mwenyewe. Kwenye kizuizi karibu na Mubambiro alishushwa garini, na askari wakasimama mbali wakilitazama lile gurudumu lenye nyaya mpaka alipoapa kwa Bikira Maria kwamba haliwezi kulipuka wala kuzunguka. Dukani Goma walilipokea wakasema litafanyiwa uchunguzi. Waliomba picha. Waliuliza uma wa mti ni mti gani. Mwezi wa kumi waliuliza kina cha maji.

"Kiwiko," Védaste alijibu kwenye simu ya Mumbere. "Waambie ni kiwiko."

Chukudu ilikaa chini ya ukingo wa paa, pua yake imeegemezwa kwenye jiwe. Grégoire alikuja zaidi ya mara moja. "Kaka, acha nichonge uma mupya. Unarudisha ile gurudumu ya mti, angalau kuwe na chombo."

"Na garanti ikirudi nitaifunga wapi?"

"Tutachonga tena."

"Ngoja kidogo. Iko njiani."

Alisema hivyo mwezi wa kumi. Alisema hivyo mwezi wa kumi na moja, risasi zilipoanza kusikika ng'ambo ya vilima. Wakati wa Noeli hata Thacienne alisema, "Acha Grégoire achonge," naye akamjibu kwa hasira asiyoizoea: "Ile ya mti nitakusukuma na goti gani?" Mkewe hakurudia. Baadaye Védaste alilielewa jambo hili vizuri, na akalieleza kwa kila aliyeuliza na wasiouliza: kwa gurudumu la mti wangeweza kusukuma vijana, angesukuma Grégoire, angesukuma yeyote. Chombo chenye gurudumu moja hakisukumwi na mtu.

Vita ilifika mwezi wa kwanza, tarehe ishirini na moja, asubuhi ya ukungu. Grégoire alikata miti miwili mirefu, akafunga blanketi katikati, wakatengeneza kipoyi. Walikuwa wabebaji wanne: Grégoire, Védaste, na vijana wawili wa jirani. Thacienne alipokwisha kulazwa aliinua mkono.

"Betri."

"Mama, acha hiyo! Ni jiwe!" Védaste alisema.

"Gurudumu ikirudi itakula nini? Lete."

Aliipakata tumboni ndani ya kitenge chake cha bluu. Vijana walilalamika, kisha wakaanza kutania, maana njia ni ndefu kwa asiyecheka. "Mama Thacienne, huyu mutoto gani mwenye kilo hivi?"

"Ndiyo kitinda-mimba wa bwana wangu. Mubebe na heshima."

Siku ya pili kijana mmoja alimkuta mama yake amekaa kando ya njia na watoto watatu, akaweka mti chini bila kusema. Wa pili alibeba mpaka adhuhuri, akaomba msamaha kama mtu aliyeiba, akawakimbilia wake. Walibaki Védaste na Grégoire chini ya mlima wa mwisho kabla ya Kashebere. Walijaribu. Walipiga hatua thelathini, goti la Védaste likakunjika, na kipoyi kikatua kwenye matope. Walijaribu tena. Mvua ikaja. Walikaa katikati ya mlima chini ya kipande cha shiti, turubai la wakimbizi, watu wakiwapita wameinamisha vichwa, mpaka kesho yake Grégoire alipopata wanaume wawili wa Kashebere wakashuka kuwasaidia.

Thacienne hakusema habari ya kuachwa. Alikohoa tu.

Waliwekwa kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine sita. Homa ilimshika mapafuni. Dawa hazikuwepo, na aliyekwenda kuzitafuta alirudi mikono mitupu. Siku ya nne, alfajiri, Védaste alitaka kumpunguzia uzito, akashika betri aiondoe tumboni. Mkewe alifumbua macho.

"Usiiweke chini," alisema. "Pale chini iko na mayi."

Védaste akaishika mikononi mpaka jua lilipotoka. Alipotaka kumwonyesha kwamba haikulowa, mkewe alikuwa amekwisha kwenda.

Alizikwa Kashebere, kwenye mteremko nyuma ya shule. Kayitesi alifika kutoka Hombo baada ya wiki mbili, akamwomba baba yake waende pamoja. Hakukubali. Alisema kuna kitu anakingoja.

Kilikuja mwezi wa sita. Mumbere, ambaye duka lake lilivunjwa na kufunguliwa tena, alituma neno, na Védaste akatembea mpaka Masisi-centre kwa siku tatu. Gurudumu lilikuwa jipya, ndani ya katoni mpya. Juu yake kulikuwa na barua: duka limekubali kulibadilisha kwa mara hii moja tu. Védaste anajua kusoma. Alianza na tarehe. Iliandikwa tarehe tisa mwezi wa kwanza, siku kumi na mbili kabla hawajakimbia. Kuanzia hapo barabara ilikuwa imefungwa.

Mumbere hakujua aweke wapi macho yake. "Garanti imebakiza siku kumi na moja," alisema, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu. "Papa, tafadhali, soma tena ile masharti."

"Ninayajua."

Alilifunga ndani ya kitenge cha bluu, akalibeba kichwani mpaka Kashebere. Mvua iliponyesha alilikinga kwanza, yeye akaloa.

Grégoire alimchongea chukudu nyingine. Sasa Védaste hubeba chumvi, sabuni na mihogo ya watu, na njia yake hupita kwenye mlima ule kila wiki. Kiangazi kimerudi. Jumamosi wenzake wa Kashebere huzilaza zao mtoni. Yake husimama kavu chini ya paa, mbao zimepasuka, viungo vinalia kiasi kwamba watu humsikia kabla hawajamwona. Grégoire humsihi alitoe gurudumu na kulaza mbao peke yake. Hataki.

Gurudumu ni zuri. Hupanda milima yote bila kuguna. Ila akifika katikati ya mlima ule, pale walipokaa chini ya shiti, Védaste huzima moteri, hushika pembe kwa mikono miwili, na husukuma kwa goti lake hilo hilo mpaka juu.