Viti vya Rangi ya Maziwa

Mume wangu aliipenda Mercedes ile kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi hivyo kwa wivu. Aliinunua kwa Mwarabu mmoja, mfanyabiashara wa mtaani kwetu Bwiza, aliyekuwa akihama na familia yake kukimbia vita. Nje ilikuwa bado inang'aa. Ndani ilikuwa imeoza: viti vimepasuka, kitambaa cha dari kimelegea hadi kinamgusa dereva kichwani, mbao za mbele zimebabuka kwa jua.

Ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, petroli ikawa inauzwa kwa chupa kando ya njia. Duka lake la vipuri halikuwa na kitu ila vumbi. Akashika bisibisi. Alisema vita vikiisha watu wataoana kwa fujo, na kila bibi harusi atataka kupanda gari lake. Aling'oa viti akavipanga uani, skrubu akazitia katika makopo ya maziwa, mbao akazipiga msasa kisha akazipaka rangi ya viatu. Fundi hakumtaka. Fundi ataniharibia, alisema, huku uzi umemkata vidole vyote.

Dari alilivisha pazia langu la mahameli, nililopewa siku ya harusi. Hakuniomba. Nilirudi sokoni nikakuta dirisha liko uchi. Kisha sponji ikamwishia, akachukua godoro la mama yangu.

Mama alikuwa akiishi Ruziba, kando ya ziwa, pamoja na dada yake mkubwa ambaye miguu ilikuwa imemvimba, hawezi kutembea. Kila alipotutembelea alilalia godoro lake mwenyewe, alilolileta kwetu kwa ajili hiyo, maana mama halali kitanda cha binti yake na mkwewe. Mume wangu alilikata kwa kisu cha jikoni, akalibandika kwenye viti kwa kole, ndivyo tunavyoita gundi, na juu yake akavisha skai, ngozi ile ya bandia, ya rangi ya maziwa. Sitadanganya, vilipendeza. Nilivitazama nikaona ni vizuri, nikazidi kukasirika.

Asubuhi aliyovirudisha garini, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuja mbio kutoka kusini. Alisema Ruziba risasi zinalia, watu wanahama, na njia bado iko wazi ila si kwa muda mrefu. Petroli tulikuwa nayo, kidumu kimoja chini ya kitanda. Nilikivuta nikampelekea mume wangu uani.

"Twende tuwachukue."

"Kole haijakauka," akasema. "Mutu akikaa sasa, skai itajikunja yote. Tutaenda kesho."

"Mama mukubwa hawezi kutembea, we unajua."

"Na ile miguu yake inatoka maji. Utamukalisha wapi humu?"

Akainama, akaendelea kufuta mlango. Nilimpigia magoti pale kwenye mafuta na mabaki ya sponji, akajitia hamnazo. Sikujua kuendesha gari. Ningejua, ningemkanyaga.

Mama alifika kesho yake adhuhuri, kwa miguu, peke yake, matope hadi magotini. Nilimuuliza dada yake yuko wapi.

"Nimemufungia mulango," akasema. "Nikamuambia atulie, munakuja na gari."

Hapo ndipo mume wangu alipoanza kutafuta ufunguo. Lakini askari walikuwa wameshafunga njia, na ilipofunguliwa siku chache baadaye, wavuvi walituletea habari kwamba mama mkubwa wamekwisha kumzika. Walimkuta chini, nyuma ya mlango, amevaa nguo zake za kutokea.

Mama hakulia mbele yetu. Siku zile za kungoja alikuwa akikesha kibarazani, akitazama njia; jioni ile ndipo alipoomba godoro lake. Nikamwonyesha gari. Alienda uani, akafungua mlango wa nyuma, akapanda na viatu vyake, akajinyoosha juu ya ile skai.

Mume wangu aliporudi kutoka msikitini alimwona, akageuza uso haraka. Mkwe hamtazami mama mkwe aliyelala, na pale alipolala mama mkwe yeye hapakalii tena. Hilo hata mtoto wa Bwiza analijua. Kama angemtoa kwa nguvu, asingekuwa na pa kuweka uso wake mbele ya wenzake.

Nilidhani ni usiku mmoja. Mama alihamia. Alitundika chandarua toka mlango hadi mlango, kanga zake akazibana kwa pini kwenye mahameli yangu, akaanika ndagala juu ya boneti. Mafuta yake ya nywele yakaacha doa kubwa pale alipoegemeza kichwa. Mume wangu akawa anapita kando ya ukuta kwenda chooni, macho chini, katika nyumba yake mwenyewe. Nilimwona anakonda na sikumhurumia hata kidogo. Nilimpikia, nilimfulia, na kila siku nilifurahi.

Kisha mipaka ikafunguliwa, petroli ikarudi vituoni. Tajiri mmoja alikuja kuliomba gari kwa harusi ya binti yake. Alichungulia viti akiwa mbali, akavisifu. Mume wangu akanivuta pembeni.

"Umuombe mama atoke, siku moja tu. Nitatafuta dereva mwingine, mi sitakaa humo. Tafadhali."

Nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Nikaenda. Mama alikuwa amelala ubavu, anapitisha kidole juu ya mshono wa kiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umuambie kole haijakauka," akasema.

Nikarudi nikamwambia vilevile, nikimtazama machoni mpaka akainama.