Mzani Usiofunguka Bila Salamu

Jumatatu iliyopita, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya ushirika wa chai hapa Tukuyu, nilimsikia marehemu mke wangu akifundisha. Binti mmoja aliyeomba ukarani alikuwa akifanya mafunzo ya mtandaoni ya kupokea majani. Asipofaulu, hapati kazi. Akabonyeza picha ya mzani. Ikakataa.

"Hujamsalimia mkulima, mwanangu," ilisema sauti kutoka kwenye kompyuta. "Rudi uanze naye."

"Mama huyu mkali!" binti akacheka, akabonyeza salamu. Mzani ukafunguka.

"Ndiye aliyeandaa mafunzo haya," nikamwambia. "Tulimzika kule Masukulu mwaka jana."

Akaachia kipanya, akasimama wima. "Shikamoo, mama," akaiambia kompyuta.

Nyumbani nami alinirudisha hivyo hivyo miaka mingi, kila nilipoingia bila salamu. Bwana, mpe mke wangu pumziko la milele, na wanafunzi wake wafaulu.