Alfayo Obiero na Pikipiki ya Bwana Kelele

Alfayo Obiero alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Kericho, miaka ya 1930. Hakunywa pombe, hakuchelewa kazini, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba mashine imepona kabla hajaisikiliza ikinguruma. Watu wa namna hiyo huwasumbua wakubwa wao. Alfayo alimsumbua wake.

Mkubwa huyo alikuwa meneja msaidizi, Mzungu kijana ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kelele. Alikuwa ameng'oa silensa ya pikipiki yake, akatoa chujio la hewa, kisha akaagiza kutoka Nairobi jeti kubwa zaidi, kile kijisumari cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta. Alitaka mbio, ila likizo ilimkuta kabla hajaijaribu. Alipokwenda likizo kwao Ulaya kwa miezi minane, aliamuru pikipiki iwekwe katika chumba cha kuchekechea chai, maana hapo hapana unyevu. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, hivyo kila mtu aliona amri hiyo ina akili. Alfayo peke yake alishauri petroli imwagwe kwanza.

"Acha tangi lijae," Bwana Kelele alimjibu, "lisishike kutu."

Aliporudi, pikipiki ilikataa kuwaka. Aliikanyaga mpaka jasho likamtoka, na Jumamosi ile Wazungu walikuwa na mashindano ya kupanda kilima kwa pikipiki. Akamwita Alfayo uani mbele ya watu.

"Umechezea mashine yangu. Umeiba kitu ndani."

"Sijaigusa, Bwana."

"Kubali, nikusamehe. Ukikataa nakufukuza, na kipande chako sitakitia sahihi."

Siku hizo kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya kitambulisho na kazi iliyovaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Bila sahihi ya mwajiri aliyemwacha, alihesabika mtoro. Askari walimkamata, na hakuna gereji iliyompokea. Thuo, karani wa ofisi, akamvuta Alfayo kando.

"Fundi, sema tu pole. Kesho atakuwa amesahau."

"Yeye atasahau, Karani. Na mimi je?" Alfayo akamgeukia meneja. "Nitaifungua hapa hapa, watu wakiona."

Akaifungua. Petroli ya miezi minane ilikuwa imekauka chini ya kabureta, ikawa gundi ya rangi ya asali. Juu, mahali pa kuvutia hewa, palikuwa pamejaa manyoya ya chai, zile nyuzi laini zinazoruka mchana kutwa katika chumba cha kuchekechea. Bila chujio, kabureta ilikuwa imelala humo mdomo wazi.

"Kumbe ilikuwa inakunywa chai yetu!" alisema Gekara, aliyefanya kazi katika chumba hicho. "Na hata sukari haikuomba!"

Watu wakacheka. Alfayo hakucheka. Aliosha kila kitu kwa petroli mpya, akazibua tundu la jeti kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, kwa sababu waya hulipanua. Akakanyaga. Pikipiki ikawaka, ikakohoa moshi mweusi, ikazimika.

"Umeona?" Bwana Kelele akapaza sauti.

"Sijamaliza." Alfayo akatoa plagi, akamwonyesha. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. "Inavimbiwa petroli. Nilikuwa gereji ya Kisumu. Pikipiki iliyotembea vizuri kule ziwani, ikipanda huku ilikohoa hivi hivi. Hewa ya huku ni nyepesi. Hiyo jeti yako kubwa haifai hapa. Nipe ile ya kwanza."

Meneja akawa mwekundu, lakini alikwenda mwenyewe kuileta. Alfayo akaifunga, akakanyaga mara moja. Injini ikanguruma safi.

"Vizuri. Rudi kazini."

"Bado. Uliniita mwizi mbele ya hawa. Waambie sikuiba."

"Nimesema rudi kazini!"

"Basi tia sahihi niende. Mashine yako inatembea."

Thuo akaziba mdomo kwa mkono. Wako watakaosema hiki kilikuwa kiburi. Sikubali. Alfayo alikuwa na mke, Syprose, na watoto wawili katika nyumba ya kampuni, alijua anachopoteza. Lakini angerudi kazini kimya, angekula mshahara wa mwizi aliyesamehewa, na hakuwa mwizi.

Meneja akachora jina lake kwenye kipande, akakitupa chini. Alfayo akakiokota, akapangusa udongo, akasoma kila mstari, kisha akamrudishia.

"Umesahau tarehe ya kuacha kazi, Bwana. Bila hiyo mimi ni mtoro."

Bwana Kelele akaandika tarehe. Akiwa bado ameinama, akasema kwa sauti ndogo, "Hukuiba."

"Watu hawajasikia."

Ikambidi azime injini yake mwenyewe ndipo alirudie neno lile, na safari hii hata waliokuwa mlangoni mwa kiwanda walilisikia. Alfayo akakivaa kipande chake shingoni, akaenda kumwambia Syprose wafunge mizigo.