Mama wa Chisense Aliyenipungia Kitenge

Atakayenicheka anicheke, nimestahili. Kazi yangu ni kuotesha bakteria wa kifua kikuu katika maabara moja hapa Nchelenge, kando ya ziwa, nione ni dawa ipi bado inawaua na ipi wameshaizoea. Wanakua polepole, wiki kwa wiki, nami nawasubiri peke yangu, barakoa usoni. Nimetoka Lubumbashi, Kibemba changu ni cha kuokoteza, sina wa kupiga naye soga.

Basi dirishani nikamwona mama mmoja ufukweni, kando ya chisense, vidagaa vya ziwa hili, alizoanika juani, ananipungia kitenge. Nikampungia. Kesho yake tena. Wiki nzima! Mimi nisiyeamini jibu la bakteria hadi nirudie kipimo, hili nililiamini papo hapo. Jumamosi nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kanisani, nikashuka.

"Jambo, mama. Nimekuja tusalimiane vizuri, maana kila siku tunapungiana."

Akanitazama. Kunguru wawili wakatua kwenye samaki. Akapunga kitenge, wakaruka.

"Miye nafukuzaka kunguru, docta," akasema kwa upole, kwa Kiswahili cha kwetu. "Na weye kule ndani, unafukuzaka nini?"